Saizi za nguo: kampuni za mitindo zibanwe zipime watu kwanza

Sehemu kubwa ya kazi ya mafundi cherehani wanaokaa pembezoni mwa masoko ya mitumba, iwe Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba kule Nairobi, ni kurekebisha. Wanabana kiuno cha suruali ambayo imekaa vizuri kwenye nyonga, wanafumua ubavu wa blauzi inayobana kifua, wanapunguza mikono, wanafupisha pindo. Anayeleta nguo huja akiulaumu mwili wake: nyonga zimezidi, mikono imenenepa, tumbo limekataa kuingia. Ni mara chache mtu atailaumu suruali. Hata hivyo suruali ndiyo iliyokosea, na kosa lake lilifanyika mbali, kwenye meza ya mtu aliyekata kitambaa bila kumfikiria huyu atakayeivaa. Wanawake wa Marekani, Uingereza na Argentina wamekuwa wakipambana na meza hiyo kwa miaka mingi. Mapambano yao yanatuhusu, kwa sababu nguo zilizokatwa kwa ajili yao ndizo zinazofunguliwa kwenye marobota yetu, na vipimo walivyowekewa wao ndivyo tunavyovirithi sisi. Matokeo ya mapambano hayo, yaliyofanikiwa na yaliyoshindwa, yanaonyesha jambo moja: kampuni ikiombwa kuwa na moyo mzuri hubadilika kwa msimu mmoja, lakini ikilazimishwa kupima watu, kulinganisha bei na kuandika ukweli kwenye lebo, hubadilika kweli.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kujua saizi hutengenezwaje. Kampuni nyingi huanza na mwili mmoja. Huajiri mwanamitindo wa kujaribishia, mara nyingi mwanamke mwembamba wa umri mdogo, nguo ya kwanza ikashonwa ikamkaa sawasawa. Kutokana na nguo hiyo hutengenezwa pateni, yaani karatasi za kukatia kitambaa, kisha pateni hiyo hupanuliwa na kupunguzwa kwa kanuni: inchi moja kifuani, inchi moja kiunoni, inchi moja kwenye nyonga, robo inchi mabegani, na kuendelea. Kwa saizi mbili tatu juu au chini ya ile ya kwanza, kanuni hiyo hufanya kazi. Zaidi ya hapo huanza kudanganya, kwa sababu mwili wa binadamu haukui kwa kanuni. Mtu akiongezeka uzito, mifupa ya mabega yake haitanuki kwa kasi ya kifua chake. Mkono wa juu huongezeka kuliko kifundo. Tumbo huja mbele, na pindo la mbele la gauni hupanda juu huku la nyuma likibaki chini. Nguo kubwa iliyotokana na pateni ndogo humfunika mvaaji bila kumkaa. Dawa yake inajulikana na kila mtaalamu wa ukataji: kutengeneza pateni ya pili juu ya mwili wa pili, na pengine ya tatu. Hiyo ni gharama na ni kazi, na kampuni nyingi zimeona ni rahisi zaidi kusimamisha saizi zao pale pateni ya kwanza inapogoma. Kwa hiyo saizi haziishii pale wateja wanapoishia. Zinaishia pale mkataji alipochoka.

Uzembe huu una historia. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilifanya kazi kubwa ya kupima wanawake wapatao 15,000, chini ya Ruth O'Brien na William Shelton, vipimo zaidi ya 50 kwa kila mmoja, na ripoti ikatoka mwaka 1941. Ilikuwa hatua ya maana, kwa kuwa kabla yake kila mshonaji alikuwa akikisia. Lakini takwimu za wanawake wasio Wazungu ziliwekwa kando na hazikuingia kwenye hesabu. Juu ya msingi huo serikali ya Marekani ilitoa kiwango rasmi cha saizi za wanawake mwaka 1958. Kiwango hicho kilikuwa cha hiari, kikarekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kufutwa kabisa mwaka 1983. Tangu hapo kila kampuni hujiamulia. Katika kiwango cha mwaka 1958, saizi 8 ilikuwa na kiuno cha inchi 23.5. Leo nguo yenye namba hiyohiyo ina kiuno kilichotanuka kwa inchi kadhaa, maana wafanyabiashara waligundua kwamba mteja hufurahi akiambiwa amevaa namba ndogo. Namba ikageuka kuwa chombo cha kumbembeleza mnunuzi, na ndiyo sababu mwanamke mmoja anaweza kuwa saizi 10 duka hili na saizi 14 duka la jirani, siku ileile. Mwanamume hununua suruali kwa inchi za kiuno na urefu wa mguu. Kwa nini dada yake auziwe fumbo?

Baya zaidi ni kwamba hata umbo linalochukuliwa kuwa la kawaida si la kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Marekani ilipima watu zaidi ya 10,000 kwa mashine za kumulika mwili mzima, katika mradi ulioitwa SizeUSA. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walipochambua vipimo vya wanawake zaidi ya 6,000 kati yao, waligundua kuwa karibu nusu walikuwa na umbo la mstatili, yaani kifua, kiuno na nyonga havitofautiani sana. Wenye kiuno chembamba katikati ya kifua na nyonga zinazolingana, umbo ambalo viwanda vingi huliwekea pateni, walikuwa asilimia 8 hivi tu. Na utafiti wa Mastamet-Mason, de Klerk na Ashdown kuhusu wanawake wafanyakazi wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa umbo la mstatili ndilo lililotawala huko pia, na kwamba linatofautiana kwa njia zake na lile la pateni za nchi za Magharibi. Mtu akisoma tafiti hizi mbili pamoja ataacha kudhani kwamba hili ni tatizo la wanene peke yao. Mrefu mwenye miguu mirefu, mfupi mwenye kifua kikubwa, mwembamba asiye na nyonga, wote wanalipishwa kwa ajili ya umbo la wachache.

Kampuni zinaujua ukweli huu. Mwaka 2016 Deborah Christel na Susan Dunn walichapisha uchambuzi uliokokotoa kwamba mwanamke wa wastani wa Marekani huvaa kati ya saizi 16 na 18, wakati ambapo wabunifu wengi wakubwa walikuwa wakikomea chini ya hapo. Mwaka huohuo mwigizaji Leslie Jones alieleza hadharani kwamba hakuna mbunifu aliyejitokeza kumshonea gauni la uzinduzi wa filamu yake, hadi Christian Siriano alipojitolea. Wengi walimpongeza Siriano, na alistahili. Lakini ni ajabu gani hii, kwamba fundi kumshonea mteja aliye tayari kuvaa inageuka kuwa habari ya dunia? Tangu wakati huo tumeona matangazo mengi yenye wanawake wa maumbo tofauti. Kwenye majukwaa ya maonyesho makubwa ya New York, London, Milan na Paris, hesabu zinazotolewa na jarida la Vogue Business katika misimu ya karibuni zinaonyesha mavazi yaliyovaliwa na wanamitindo wanene hayafiki hata asilimia 1. Picha zilibadilika mbele ya mteja, meza ya pateni nyuma ya pazia ikabaki ileile.

Utetezi wa kwanza wa kampuni ni kwamba soko halipo, na mfano wanaoupenda ni wa Old Navy. Agosti 2021 kampuni hiyo ya Marekani ilitangaza kwamba mitindo yake yote ya wanawake itapatikana madukani kuanzia saizi 0 hadi 28, kwa bei moja. Haikupita hata mwaka mmoja, Mei 2022, gazeti la Wall Street Journal likaripoti kuwa saizi za kati zilikuwa zikiisha haraka huku zile ndogo sana na kubwa sana zikirundikana, na kampuni ikaanza kuziondoa katika baadhi ya maduka. Wakosoaji walisema: mmeona? Wanawake wakubwa hupiga kelele lakini hawanunui. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa, ila inathibitisha jambo jingine. Kampuni ilikosea kugawa mzigo, ikajaza kila saizi karibu kwa usawa bila kufuata wingi wa wateja wa kila eneo, kosa ambalo hata muuza nyanya wa sokoni asingelifanya. Zaidi ya hapo, mteja aliyezoea kwa miaka 20 kuingia duka fulani na kutoka mikono mitupu haachi mazoea yake kwa miezi tisa. Ameshajifunza kununua kwingine, au kutonunua kabisa. Historia ya Lena Bryant, mhamiaji kutoka Lithuania aliyefungua duka New York mwanzoni mwa karne ya 20, inaonyesha njia iliyo bora. Yeye na mumewe Albert Malsin, aliyekuwa mhandisi, walikusanya vipimo vya wateja wao wapatao 4,500, wakaongeza takwimu za wanawake wapatao 200,000 kutoka kampuni ya bima, wakabaini kwamba wanawake wanene wana maumbo ya aina tatu, na wakakata nguo kwa kila aina. Kufikia mwaka 1923 mauzo yao yalifika dola milioni 5 za wakati huo. Walianza na utepe wa kupimia, tangazo likafuata.

Utetezi wa pili ni bei. Nguo kubwa hula kitambaa kingi, kwa hiyo, wanasema, ni haki iuzwe ghali. Kwa fundi wa mtaani hoja hiyo inaeleweka, kwani mteja mkubwa huambiwa alete mita nne za kitenge pale mwenzake anapoleta tatu. Lakini kiwanda hakiuzi hivyo. Saizi 2 na saizi 14 hutundikwa kwenye kiango kimoja kwa bei moja, ingawa tofauti ya kitambaa ipo, kwa sababu bei ya dukani hubeba pia ushonaji, usafirishaji, kodi, kukodi duka, matangazo na faida, na gharama zote hizo hazijali upana wa nyonga za mtu. Mwaka 2014 makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la kuilaumu Old Navy baada ya kubainika kwamba jinzi kubwa za wanawake ziliuzwa ghali kuliko ndogo, huku jinzi kubwa za wanaume zikiuzwa kwa bei ya kawaida. Kama sababu ilikuwa kitambaa, kwa nini mwanamume mkubwa hakulipishwa? Kampuni ilianza kwa kurekebisha utaratibu wa kurudisha nguo. Usawa wa bei ulitangazwa mwaka 2021, miaka saba baadaye. Uingereza mambo yalikwenda kasi zaidi. Marks & Spencer ilikuwa ikitoza pauni 2 za ziada kwa sidiria za kikombe cha DD na kuendelea. Wanawake waliunda kundi kwenye Facebook, maelfu wakajiunga, na mwanzilishi wake akanunua hisa moja ya kampuni ili apate haki ya kuuliza swali kwenye mkutano mkuu wa wanahisa. Mei 2009, kabla hata mkutano huo haujafanyika, kampuni ilifuta tozo na kuomba radhi magazetini. Madai yao yalikuwa na namba ndani yake, ya pauni 2, na mtu wa kujibu alijulikana. Hilo ndilo lililowapa nguvu.

Serikali nazo zimejaribu, na tofauti ya Hispania na Argentina ina mengi ya kufundisha. Hispania ilianza vizuri kuliko wote. Mwaka 2007 wizara ya afya iliingia makubaliano na kampuni kubwa, zikiwamo Inditex inayomiliki Zara, na Mango, kwamba midoli ya dukani isiwe chini ya saizi 38 na kwamba saizi 46 isitengwe tena kama saizi maalumu. Wanawake na wasichana zaidi ya 10,000 wakapimwa kwa mashine, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Kisha jambo likapoa, kwa kuwa makubaliano yalikuwa ya hiari na mfumo mmoja wa saizi haukuwahi kuwa lazima. Argentina ilifuata njia ndefu. Jimbo la Buenos Aires lilipitisha mwaka 2001 sheria ya kuyataka maduka ya nguo za wasichana yawe na saizi 38 hadi 48. Sheria ikakiukwa waziwazi, na wanaharakati wakaendelea mwaka baada ya mwaka kuwauliza wanunuzi na kuchapisha majibu. Novemba 2019 bunge la nchi likapitisha sheria ya taifa zima, namba 27.521, inayotaka saizi zitokane na vipimo vya Waargentina wenyewe, kazi ikapewa taasisi ya taifa ya teknolojia ya viwanda. Kanuni zake zilitoka mwaka 2021. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, na asiyependa sheria hizi atasema karatasi haivai nguo. Ni kweli. Lakini baada ya upimaji wa taifa, kampuni haiwezi tena kudai kwamba wateja wake wana umbo la yule mwanamitindo mmoja, na mnunuzi ana pa kushitakia.

Kuna pingamizi linalotolewa kwa sauti ya huruma: kwamba nguo kubwa zinahalalisha unene, na unene unaua. Hofu ya maradhi ni ya kweli. Takwimu za taifa za afya za Kenya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa karibu nusu ya wanawake waliopimwa wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na kisukari na shinikizo la damu vinajaza kliniki zetu. Lakini hakuna mtu aliyepungua kwa kukosa suruali. Mwanamke aliyeshauriwa na daktari atembee au akimbie anahitaji sidiria ya michezo inayomshika na suruali isiyomchubua mapaja. Nike ilipoweka midoli minene yenye mavazi ya mazoezi katika duka lake la London mwaka 2019, mwandishi wa gazeti moja kubwa la Uingereza alishambulia kitendo hicho kana kwamba ni hatari kwa jamii. Yaani mnene aambiwe afanye mazoezi, kisha anyimwe cha kuvalia. Anayejali afya za watu kwa dhati angepaswa kuwa wa kwanza kudai nguo hizo, na kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida ataimudu.

Hapa kwetu wengi watasema sisi tunao mafundi, kwa nini tuhangaike na kampuni za mbali? Fundi cherehani ni hazina, na sina neno dhidi yake. Humpima mtu kabla hajagusa mkasi, jambo ambalo viwanda vikubwa vimelisahau, na gauni la kitenge alilolishona humkaa mwenyewe hata awe na umbo gani. Lakini fundi hashoni sidiria yenye waya, wala jinzi, wala buti za kazini, wala ovaroli ya mwanamke fundi umeme. Vitu hivyo hununuliwa vikiwa tayari, vingi vikiwa mitumba au bidhaa mpya zinazoshushwa Kariakoo. Na kisichoshonwa huko hakiwezi kufika huku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipopanga mwaka 2016 kuondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kuzinyima nchi zetu nafuu za biashara za mpango wake wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo. Mjadala ule ulikuwa wa ajira na viwanda, na hakuna aliyeuliza kama nguo zenyewe zinatukaa. Wakati huohuo, katika viwanda vya Athi River vinavyouza Marekani, maelfu ya wanawake wa Kenya hushona suruali kwa pateni zinazoletwa na mnunuzi. Mikono ni yao, vipimo ni vya watu wengine. Viwanda hivyo vina wakataji wazoefu na mashine za kutosha. Kinachokosekana ili vikate kwa ajili ya soko la nyumbani ni jedwali la vipimo vya watu wa nyumbani.

Jedwali hilo linaweza kupatikana bila kununua mashine ya bei mbaya. Kila baada ya miaka kadhaa, wapimaji wa tafiti za taifa za afya hupita nyumba kwa nyumba Tanzania na Kenya, wakiwapima maelfu ya wanawake urefu na uzito. Tafiti za STEPS zinazofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, zilizofanyika Tanzania mwaka 2012 na Kenya mwaka 2015, huchukua hata mzunguko wa kiuno. Mpimaji yupo tayari mlangoni na utepe mkononi. Kuongeza kifua, nyonga, upana wa mabega, mkono wa juu na urefu wa mguu wa ndani kutachukua dakika chache kwa kila mtu, mradi mhojiwa akubali na faragha yake ilindwe. Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yakiwa na takwimu hizo yanaweza kutoa jedwali la saizi ambalo chuo cha ushonaji, kiwanda cha sare za wauguzi na mbunifu wa Mwenge au Kilimani wote watalitumia bure. Mashirika hayohayo yanaweza kutaka kila nguo mpya inayoingizwa nchini ioneshe vipimo vya mwili kwa sentimita, kwa mchoro mdogo kama ule wa kiwango cha Ulaya cha EN 13402, ambacho huko kimebaki cha hiari. Ukaguzi wa bidhaa zinazoingia upo tayari, na lebo za vyakula tunazilazimisha. Wanunuzi wa jumla wa Kariakoo, ambao huagiza mzigo China kwa maelfu ya vipande na ambao neno lao kiwandani lina uzito, wangekuwa na karatasi ya kumwekea mwenye kiwanda mezani: hivi ndivyo vipimo vya wateja wetu, kata hivi, au tunapeleka oda kwa jirani yako.